Tukishawaondoa watoto wetu, shule tunamwachia nani?

Kila mwezi Januari, ukisimama stendi ya mabasi Katesh alfajiri baada ya swala, utaona masanduku ya bati na magodoro yakipandishwa juu ya mabasi. Ni wanafunzi wa bweni wanakwenda Babati, Arusha, Singida na Dodoma. Wazazi wao wamesimama pembeni wamejifunga mashuka kwa baridi ya mlima Hanang, na wengi wao siku chache kabla walikuwa mnadani, ambako mtamba aliuzwa kwa bei isiyoridhisha. Wanunuzi wa ng'ombe nao wanaijua kalenda ya shule. Ukienda Mbulu mjini au Haydom hali ni hiyo hiyo, isipokuwa huko pengine yaliyouzwa ni magunia ya vitunguu saumu ambayo mwenyewe alitamani ayaweke miezi miwili zaidi.

Mmoja wa wazazi hao tunaswali naye msikiti mmoja. Ni mfanyabiashara, si tajiri, lakini hali yake Alhamdulillah si mbaya. Usiku mmoja baada ya Isha alinishika mkono tukasimama nje, akaniuliza: "Ustadh, wewe umesoma. Niambie kwa dini. Uwezo wa kulipa ada ninao. Nikimwacha mtoto kwenye shule ya serikali, si nitakuwa nimemdhulumu?"

Nilimjibu haraka haraka. Nilimkumbusha hadithi mashuhuri ya mchunga, iliyomo katika Bukhari na Muslim, kwamba kila mmoja wetu ataulizwa juu ya wale aliopewa kuwachunga. Nikamwambia afanye lile analoona ni bora kwa mwanawe. Akashukuru, akaenda zake.

Ndugu msomaji, usiku ule sikulala vizuri. Jibu nililolitoa lilikuwa la kweli, lakini nililitoa kwa kuwa lilinifaa mimi mwenyewe. Mimi ni mwajiriwa wa serikali katika shule ya kata. Nafundisha Historia, na vipindi vya Elimu ya Dini ya Kiislamu ni vyangu pia, kwani ndiyo niliyoisomea Chuo Kikuu cha Waislamu Morogoro. Asubuhi nakwenda kwa miguu kufundisha watoto wa watu katika shule ya serikali, na wakati huo huo mwanangu wa darasa la tatu anapanda basi la njano la shule ya kulipia ya mchepuo wa Kiingereza. Kama kumwacha mtoto shule ya serikali ni dhulma, basi mimi nalipwa mshahara kila mwezi kwa kushiriki katika dhulma hiyo kwa watoto wa wenzangu. Na kama si dhulma, kulikoni mwanangu akawa hayumo?

Tuanze na kule kulinganisha kwenyewe, maana wengi wetu tunalinganisha kwa macho. Tunatazama geti, sare, basi, na mtoto anayesalimia kwa Kiingereza. Hayo tuyaache. Mzazi makini atakuambia yeye anatazama matokeo. Shule ile wote wamefaulu, hii ya kijijini wamefaulu nusu, mjadala umekwisha.

Haujaisha. Wafanyabiashara wa vitunguu saumu wa Mbulu wanalijua vizuri jambo hili. Mkulima akivuna, mchuuzi hupita akachambua vichwa vikubwa, vidogo akaviacha shambani. Akifika sokoni Arusha kikapu chake kinapendeza kuliko cha mkulima. Je, tuseme kikapu ndicho kinachokuza vitunguu? Shule nyingi za kulipia hufanya usaili kabla ya kupokea mtoto. Akishaingia huwekewa wastani, na asiyefikia hukaririshwa darasa au mzazi huitwa akaambiwa kwa upole amtafutie shule nyingine. Serikali imewahi kukataza mchezo huu, lakini kila mwalimu anaujua. Yule aliyeondolewa anapokelewa wapi? Anapokelewa na shule ya kata, ambayo haina ruhusa ya kumkataa mtu, na akifeli anahesabiwa kwenye idadi yake. Januari 2023, lilipotangaza matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2022, Baraza la Mitihani liliacha ule utaratibu wa kutaja shule kumi bora na wanafunzi bora. Wengi walilalamika. Mimi naona kwa hilo Baraza lilifanya vyema, kwa sababu orodha ile ilikuwa tangazo la biashara lisilolipiwa, na haikumwambia mzazi shule imemwongezea nini mtoto iliyemkuta hajui.

Hata hivyo sitaki msomaji adhani kwamba nazitetea shule zetu za serikali kwa upofu. Nimo ndani yake, nazijua. Ada za shule za msingi zilipoondolewa mwaka 2001, na mpango wa MMEM ukaanza mwaka 2002, iliwekwa ruzuku ya kuendeshea shule iliyohesabiwa kwa dola 10 kwa mwanafunzi kwa mwaka. Kwa shilingi ilikuwa takriban 10,000. Miaka ikapita, kila kitu kikapanda bei, shilingi ikashuka, lakini 10,000 ikabaki 10,000, na leo hazifiki hata dola 5. Ilipokuja elimu bila malipo kwa Waraka Namba 5 wa mwaka 2015, ulioanza kutekelezwa Januari 2016, watoto walifurika, na hilo ni jambo la kheri. Lakini wazazi wengi walielewa kwamba hata mchango wa chakula umefutwa. Makande yakakoma katika shule nyingi. Mtoto anatembea kilomita tano alfajiri, anasoma mpaka mchana na tumbo tupu, kisha tunashangaa kwa nini hisabati haimwingii.

Takwimu zipo kwa anayezitaka. Watafiti wa Uwezo walipopita majumbani mwaka 2010, takriban theluthi mbili ya watoto wa darasa la tatu hawakuweza kusoma hadithi ya Kiswahili ya kiwango cha darasa la pili. Februari 2013 yalipotoka matokeo ya awali ya kidato cha nne ya mwaka 2012, zaidi ya nusu ya watahiniwa walipata sifuri. Mwaka ule ndio niliosikia kwa mara ya kwanza wazee wa kwetu, waliokuwa wakiona shule za kulipia ni anasa za watu wa mjini, wakiulizana bei zake.

Na hapa kwetu kuna la ziada. Mtoto wa Kiiraqw au wa Kibarbaig anafika darasa la kwanza na lugha ya mama yake. Kiswahili anakikuta shuleni, na akifika sekondari anaambiwa sasa masomo ni kwa Kiingereza. Mzazi anayekimbilia mchepuo wa Kiingereza tangu darasa la awali si mjinga. Ameona mlango wa sekondari una kufuli, naye anatafuta ufunguo mapema.

Basi shule ya kulipia ina nini hasa? Nimelifikiria swali hili kwa muda, kwa sababu walimu wake si malaika walioshushwa. Wengi ni vijana waliosoma vyuo vile vile tulivyosoma sisi, na ajira za serikali zikitangazwa wao ndio wa kwanza kuomba. Mzazi anauza ng'ombe ili amkimbie mwalimu wa serikali, na mwalimu wa shule ile anaomba usiku na mchana awe mwalimu wa serikali! Jibu nililolipata ni hili. Mwaka 2014 utafiti wa Benki ya Dunia katika shule za msingi za Tanzania ulikuta takriban nusu ya walimu hawamo darasani wakati wa kipindi, na wengi wa hao walikuwepo shuleni. Wamo ofisini, chini ya mti, wanasahihisha, wanaandika ripoti, wanazungumza. Sijitoi, nami nimewahi kuwa mmoja wao. Katika shule ya kulipia hali hiyo haidumu, kwani mzazi mmoja akisikia kwamba mwanawe hakufundishwa Jumanne, Jumatano anampigia simu mwenye shule. Ada ile, pamoja na mengine, inanunua haki ya kuuliza na kujibiwa.

Haki hiyo kwenye shule ya serikali ipo bure. Kuna kamati ya shule, kuna mkutano wa wazazi, kuna diwani, kuna mtendaji wa kijiji. Lakini nani anaitumia? Alikuwa akiitumia mwenye duka, mganga wa zahanati, mwalimu mstaafu, imamu. Hao ndio waliojua kusoma taarifa ya mapato na matumizi na kuuliza fedha za madawati zimekwenda wapi bila ya kuogopa. Na hao ndio wa kwanza kuondoa watoto wao.

Mchumi mmoja mzaliwa wa Ujerumani aliyefanya kazi Marekani, Albert Hirschman, aliliandikia kitabu jambo hili mwaka 1970. Alikuwa Nigeria akashangaa kwa nini reli ya huko haitengenei wakati malori yanaichukulia wateja. Watu hudhani ushindani hurekebisha mambo. Akagundua kwamba wateja wanaohama ni wale wale ambao wangebaki wangepiga kelele, hivyo reli ikabaki na wanyonge wasio na sauti, na wakubwa wake wakalala usingizi mzuri zaidi. Mwenyewe akaona kwamba shule za umma zinapatwa na jambo hilo hilo.

Sisi Waislamu hatukuhitaji kusubiri mpaka mwaka 1970. Sahaba Nuuman bin Bashir (r.a.) amepokea kutoka kwa Mtume (s.a.w.) hadithi mbili ambazo naona zinatosha katika suala hili, na ajabu ni kwamba zote mbili tunazisoma lakini hatuziweki pamoja.

Ya kwanza inahusu ndani ya nyumba. Baba yake Nuuman alimpa zawadi yeye peke yake, mama yake akataka Mtume awe shahidi. Mtume akauliza kama watoto wengine nao wamepewa mfano wake. Alipoambiwa hapana, akakataa kushuhudia. Maulamaa wamekhitalifiana kama usawa huo kwa watoto ni wajibu, kama walivyoona Hanbali, au ni jambo linalopendekezwa tu, kama ilivyo kauli ya wengi. Vile vile wamesema matumizi ya lazima huenda kwa haja ya kila mtoto. Sawa. Lakini tuangalie nyumba zetu za Hanang na Mbulu kwa ukweli. Mara ngapi mtoto wa kiume anayeonekana mwepesi anapelekwa bweni la kulipia, na dada yake anabaki shule ya kata, akirudi anateka maji na kusenya kuni? Je, binti haja yake ya elimu ni ndogo? Au tumekisia mapema kwamba ataolewa, ada itapotea? Yule rafiki yangu ana watoto wanne, na swali lake lilikuwa juu ya mmoja. Mimi sikumuuliza habari ya watatu waliobaki. Hilo nalihesabu kuwa kosa langu la kwanza usiku ule.

Hadithi ya pili ni ya jahazi. Watu wamepanda chombo kimoja kwa kupiga kura, wengine wamepata tabaka la juu na wengine la chini. Wa chini kila wakitaka maji inawabidi wapite kwa wa juu, wakaona afadhali watoboe upande wao wasiwasumbue wenzao. Mtume (s.a.w.) akatufundisha kwamba wa juu wakiwaachia, wataangamia wote, na wakiwazuia, wataokoka wote. Masheikh wetu huisomea hadithi hii katika kukatazana maovu, na ndipo mahali pake. Mimi naomba ruhusa niitazame kutoka upande mwingine kidogo. Wale wa chini hawakuwa waovu, walikuwa na kiu. Nani aliyewahi kujiuliza kwa nini maji yote yalikuwa juu?

Tabaka la juu la chombo chetu ni watoto wanaopanda basi la njano. Wa chini ni wale themanini wa darasa moja wanaogawana vitabu. Hao ndio watakaokuwa wauguzi wetu, mafundi wetu wa umeme, askari wetu, na, tusisahau, wakwe zetu. Desemba 3 mwaka 2023, tope na mawe yaliposhuka kutoka mlima Hanang na kuua watu zaidi ya 80 Katesh na vijiji vya jirani, walionusurika walihifadhiwa katika majengo ya shule. Sikumsikia hata mmoja akiuliza ni shule ya nani. Tope halikuchagua, na madarasa hayakuchagua.

Najua swali linalokuja, kwani mke wangu aliniuliza nilipomsomea rasimu ya makala hii. "Kwa hiyo unataka mtoto wetu arudi kule, ili iweje?" Wapo watakaosema kwamba namtaka mzazi amtoe mwanawe kafara ili jamii itengenee. La hasha. Mtoto ni amana, si nyenzo ya kurekebishia shule. Tumeamrishwa katika aya ya 6 ya Surat Tahrim kujikinga sisi na ahali zetu, na sioni dalili ya kumtaka mtu aanze kwa kuwahatarisha. Aliye na uwezo na akaona shule fulani ni bora zaidi kwa dini na dunia ya mwanawe, ampeleke. Wangu sijamwondoa, na sitajifanya shujaa gazetini.

Ninachosema ni kwamba kumwondoa mtoto hakuondoi wajibu. Hapa ndipo tunapochanganya fardhi ain na fardhi kifaya. Kumlea na kumsomesha mwanao ni juu ya shingo yako wewe, hakuna atakayekujibia. Lakini kuwepo kwa shule inayofundisha katika kijiji ni deni la kijiji kizima. Pakipatikana wa kutosha kulitekeleza, wengine wamesalimika; wasipopatikana, dhambi inatugusa sote, mwenye mtoto pale na asiye na mtoto pale. Imam Ghazali, aliyefariki mwaka 505 Hijria, alilalamika katika Ihya kwamba miji mingi ya zama zake haikuwa na tabibu Muislamu, na huku watu wakirundikana kwenye fiqhi na mijadala, kwa kuwa huko ndiko kulikokuwa na ukadhi na usimamizi wa mali za wakfu. Aliona kwamba watu hudai wanatekeleza fardhi kifaya, na kumbe wanachagua ile yenye cheo, ile isiyo na cheo wanaiacha ianguke. Leo ukiitisha mchango wa kujenga shule ya Kiislamu yenye jina kubwa getini, watu watatoa, na ni vyema watoe. Itisha debe la mahindi kwa ajili ya shule ya msingi ya serikali uone.

Na hapa nifike kwenye lile linalotuuma sisi hasa. Katika wilaya hizi mbili Waislamu ni wachache, na shule nyingi za kulipia zilizo karibu ni za makanisa. Si lawama. Wenzetu walianza zamani na walifanya kazi. Hata hospitali ya Haydom, iliyoanzishwa na Walutheri wa Norwei mwaka 1955, sote tunatibiwa hapo. Lakini mzazi Muislamu anapolinganisha anakuwa na mzani wa sahani tatu: shule ya serikali iliyo bure na dhaifu, shule ya kanisa yenye matokeo na ibada zake, na seminari ya Kiislamu iliyo mbali na nyumbani. Nimewaona vijana waliotoka shule za kanisa na swala tano zao kamili, kwa sababu nyumbani palikuwa na swala. Nimewaona pia waliotoka seminari wakaacha kila kitu stendi ya kwanza. Kwa hiyo bango la getini peke yake halinitoshi.

Jambo linaloniumiza zaidi ni jingine. Ratiba ya shule za serikali ina kipindi cha dini. Haki hiyo tunayo bila ya kulipa hata senti. Njiani kwangu kwenda kazini kuna shule ya msingi, na Jumatano moja nilipita nikaona katekista anaegesha baiskeli yake anaingia darasani. Watoto wachache walikuwa nje wanachimba chimba udongo kwa vijiti. Nikadhani wameadhibiwa. Nikamuuliza mmoja wao, akanijibu, "Sisi ni Waislamu, hatuna mwalimu." Nilikuwa nimepita njia ile kwa miaka mitatu, nina shahada ya somo lile lile ambalo wao hawana mwalimu wake. Mwanangu katika shule yake analipiwa ustadh.

Na kuna wasio na cha kulinganisha kabisa. Ukishuka bonde la Yaeda wanakoishi Wahadzabe, au ukienda nyanda za Basotu ambako Wabarbaig walipoteza malisho yao kwa mashamba makubwa ya ngano yaliyofadhiliwa na Kanada tangu miaka ya 1970, utakuta shule ikiwa ipo ni moja, na ni ya serikali. Swali la "shule ipi ni bora" linaulizwa na mwenye mbili. Kwa mwenye moja, ubora wote alionao ni ule tunaouacha nyuma sisi tuliokwisha kuondoka.

Nilimtafuta yule rafiki yangu baada ya wiki mbili hivi, nikamwambia jibu langu lilikuwa nusu. Tulikaa dukani kwake mpaka karibu na Magharibi. Alinisikiliza, kisha akasema jambo ambalo sikulitarajia: "Ustadh, mimi pale mkutanoni sina mtoto. Nitaingia kwa sababu gani?" Binti yake mkubwa yuko shule ya kata, nikamkumbusha. Akasema, "Nazungumzia ya msingi." Kwa msingi kweli hakuwa na mtoto tena, wadogo wote wawili wamehamishiwa kwenye basi la njano, na yule wa juu yao ndiye aliyekuwa akiniulizia Januari.

Jumamosi ya mkutano alikuja. Mlangoni palikuwa na daftari la mahudhurio lenye safu tatu: jina la mzazi, jina la mwanafunzi, darasa. Aliandika jina lake, akasimama na kalamu mkononi, akanitazama. Mwalimu mkuu akamwambia aache wazi, aingie. Tulizungumzia chakula cha mchana. Mwenyekiti alitaka debe moja la mahindi kwa kila kaya, yeye akasimama akasema kaya zenye uwezo zitoe mawili, zikiwemo zisizo na mtoto hapa, na kwamba yeye ataanza. Bibi mmoja wa Kiiraqw akauliza maharage yatatoka wapi. Adhuhuri ilitukuta bado tunabishana juu ya maharage.